Noah SR40 inazima ikipata moto: kagua waya kabla hujanunua sensa

Wakuu, hizi Toyota Noah za zamani zenye injini ya 3S zina ugonjwa mmoja unaotesa watu sana. Asubuhi gari inawaka freshi, ukitembea nusu saa inaanza kumisi (kukatakata nguvu), haikai sailensa (kunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), mara inazima katikati ya barabara, ukiiacha ipoe inawaka tena kama hakuna kitu. Mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha pampu ya mafuta, ananunua sensa za bei mbaya na ugonjwa uko palepale. Mimi ni fundi umeme wa magari na hizi nimezifungua nyingi, mara nyingi mchawi ni waya. Injini ya Noah iko chini ya siti za mbele, joto halina pa kutokea, waya umekaa humo miaka zaidi ya 20, plastiki yake imekauka kama kijiti na ukiikunja inapasuka.

Tafuta mita, taa ya indiketa ya wati 21 uliyoiunganishia waya mbili, chuma cha kulehemu na risasi yake, mipira ile inayosinyaa kwa moto, na tepu ya kitambaa.

Hatua ya 1. Soma kodi kwanza, yaani namba za hitilafu ambazo gari imezihifadhi. Kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya (kama yako ina soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, unganisha la 4 na la 13), washa swichi bila kustati, hesabu taa ya cheki injini inavyopiga. Ikipiga mfululizo kwa mwendo mmoja hakuna kodi. Ikipiga mbili, ikapumzika, ikapiga mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya vakyumu (mvuto wa hewa ya injini), 41 ni ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), 12 au 13 ni signali ya mzunguko wa injini inayotoka kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi). Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa hela, kodi 22 haisemi sensa imekufa, inasema kontrol boksi (kompyuta ya injini) haipati signali inayoeleweka, na waya uliokatika unatoa kodi hiyohiyo.

Hatua ya 2. Angalia ethi, yaani waya wa hasi unaounganisha betri na injini na bodi. Injini ikiwa inanguruma washa taa kubwa na feni, mita iwe kwenye volti DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Ukipata zaidi ya volti 0.2 ethi ni mbovu, fungua, piga msasa, kaza upya. Usiruke hii maana ethi mbovu inaleta magonjwa ya kila aina na ni kazi ya dakika kumi tu.

Hatua ya 3. Tikisa waya gari ikiwa ya moto. Ukipima ya baridi utaambiwa kila kitu kizima. Iache sailensa, shika waya kidogo kidogo kuanzia soketi ya distribyuta, vuta taratibu, kunja, sogea mbele, mikono mbali na mikanda na egzosi. Injini ikishtuka au ikizima, weka alama hapohapo.

Hatua ya 4. Toa hasi ya betri, chomoa soketi ya kontrol boksi na ya sensa, mita iwe kwenye om, pima ule waya uliouwekea alama mwanzo mpaka mwisho huku unautikisa. Mzima unasoma chini ya om 1, ukiruka ruka umeupata. Sensa ya joto yenyewe kwenye nyuzi 20 inasoma karibu om 2,000 mpaka 3,000, kwenye nyuzi 80 inashuka mpaka om 200 hadi 400. Waya wa moto (unaoleta umeme) wa injekta na koili usiuamini kwa om peke yake, unaweza kubaki uzi mmoja wa shaba na mita ikasema mzima. Rudisha betri, washa swichi, ule waya uwashie taa yako ya wati 21 (waya mmoja wa taa hapo, mwingine kwenye hasi), ikiwaka hafifu waya umeoza ndani. Lakini hiyo taa usiiguse kwenye waya za sensa hata siku moja, utaunguza kontrol boksi. Na soketi za njano ni za eabegi, achana nazo.

Hatua ya 5. Kurekebisha. Toa tena hasi ya betri, kata mpaka ukute shaba inayong'aa, ikiwa nyeusi endelea kukata. Weka waya wa unene uleule, vaa mpira kwanza, lehemu, sinyaza. Maungio yasikae sehemu moja, yapishane. Kusokota na kuzungushia nailoni tepu ndiko kunakorudisha gari gereji, gundi inayeyuka kwa joto na unyevu unaingia. Waya za distribyuta zimefunikwa na wavu wa chuma, na huo wavu lazima uuunganishe ulivyokuwa bila kuugusisha na bodi, la sivyo signali inachafuka na injini inamisi ukipandisha resi. Funga kwa tepu ya kitambaa, pitisha mbali na egzosi, acha ulegevu kidogo maana injini inacheza.

Hatua ya 6. Chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI dakika moja kufuta kodi, rudisha, tembea mpaka ipate moto wa kutosha, panda nayo mlima ikiwa na mzigo, halafu soma kodi tena. Mimi simkabidhi mtu gari kabla ya hapo.