Ukurasa wa kikundi ni nyumba bila ardhi

Watu wa Majengo na Kisauni, hapa Mombasa, tunazijua nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya ardhi. Ukurasa wa kikundi kwenye Facebook au X ndio huo huo.

Mimi huweka kumbukumbu za kikundi kinachotetea njia za umma za kwenda ufuoni. Siku mbili kabla ya kikao cha kutoa maoni, mtandao mmoja mkubwa uliufunga ukurasa wetu. Picha za miaka mitatu za kuta zilizoziba njia zilikuwa mle mle. Kikaoni tulifika kumi na mmoja, wale tu ambao nambari zao nilikuwa nazo.

Hata hivyo nasema: msihame. Mtandao wa kijamii wa Mastodon upo tangu 2016 na hauna bwana mmoja, lakini mvuvi na muuza madafu hawako huko. Bakini walipo watu, ila mali yenu isilale huko.

Anza na daftari la jalada gumu. Piga mistari minne: jina, simu, mtaa, na sahihi ya kukubali kutumiwa ujumbe. Hiyo sahihi usiiruke, maana tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na pia ni adabu. Usinakili nambari kimya kimya kutoka kikundi cha WhatsApp. Daftari lizunguke kila mkutano, na mzee asiyeandika aandikiwe na kijana wake.

Picha ndizo ushahidi. Picha ya kawaida ikitumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora, na tarehe iliyobebwa ndani yake hupotea. Kwa hiyo chukua faili la asili kutoka simu iliyopiga, andika siku na mahali, kisha weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Siyo droo mbili za nyumba moja.

Msidhani kuwa na Facebook, WhatsApp na Instagram ni kutawanya mayai. Mwenyewe ni mmoja, na tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizima pamoja kwa takriban saa sita.

Majina ya wanaolalamika yasipite mtandaoni kabisa. Na mkilazimika kuondoka, bandikeni nambari mpya juu ya ukurasa mwezi mzima, wala msiifute akaunti haraka. Jina lililoachwa laweza kuokotwa na mwingine akajifanya ninyi.

Kisha jaribuni. Kila miezi mitatu sisi huita mkutano bila ukurasa: kwa SMS, ili wenye kabambe, zile simu ndogo za kawaida, nao wapate, na kwa karatasi moja ya tangazo kwa fundi baiskeli. Mara ya mwisho tulifika arobaini na wawili. Watatu walikuwa wazee wa Bamburi ambao ukurasa wetu hawajauona hata siku moja, na mmoja wao alikuja na ramani ya njia ya zamani, imekunjwa ndani ya kofia yake.