Kuzima hifadhi ya seva kabla umeme haujakatwa

Somo hili ni la seva ya Linux: diski ziko kwenye md (RAID ya Linux, inayounganisha diski kadhaa ziwe moja), juu yake LVM (inayogawa nafasi hiyo), juu yake folda /data inayogawiwa kwa NFS, yaani kwa kompyuta nyingine kwenye mtandao. Mfumo endeshi uko kwenye diski nyingine. Umetangaziwa umeme utakatwa Njiro, Arusha, saa tatu asubuhi? Anza saa mbili. Amri zenyewe ni za dakika chache. Kinachokula muda ni watu wasiofunga mafaili yao.

Unashuka kutoka juu: programu, mfumo wa faili, LVM, md, mwisho umeme.

1. `cat /proc/mdstat`. Kila U ni diski nzima, hivyo [UU] ni salama. Ukiona [U_], diski moja imetoka, basi chukua nakala rudufu kabla ya kuzima. Diski iliyozunguka miaka mingi inaweza kugoma kuwaka ikishapoa.

2. Simamisha wanaoandika: `systemctl stop postgresql` (database), halafu `exportfs -ua` na `systemctl stop nfs-server`.

3. `umount /data`, yaani kuichomoa /data kwenye mfumo. Hapa ndipo wengi hukwama: "target is busy". Endesha `fuser -vm /data` usome safu ya ACCESS. F ni faili lililofunguliwa kuandikwa. Herufi c ndogo ni mtu aliyesimama ndani ya folda, na mara nyingi ni wewe mwenyewe, kwa hiyo `cd /`. Orodha ikionyesha kernel (kiini cha Linux) peke yake, rudi uhakikishe NFS imesimama kweli. Usikimbilie `umount -l`: inaficha folda tu, huku programu ikiendelea kuandika chini kwa chini.

4. `vgchange -an vg_data` kuzima LVM, kisha `mdadm --stop /dev/md0` kusimamisha md.

5. `poweroff`. Kama diski ziko kwenye sanduku la nje, seva izimike kwanza, sanduku lifuate, UPS mwisho.

MASWALI (kila moja na mahali lilikotoka)

Sakina: Mkuu, mdadm inaniambia "Cannot get exclusive access".
Jibu: Kuna kitu bado kimeikalia. `lsblk /dev/md0` itakuonyesha. Mara nyingi ni LVM ambayo haijazimwa. Angalia pia kwa `swapon --show` kama inatumika kama swap (kumbukumbu ya ziada kwenye diski).

Moshi: Kwani `poweroff` peke yake haitoshi?
Jibu: Kwa siku za kawaida inatosha, systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inashusha kila kitu yenyewe. Ila huduma ikigoma, kwa kawaida inasubiriwa sekunde 90 kisha inauawa, na database inayouawa huamka ikijirekebisha. Ukitaka kuhamisha diski, fuata njia ndefu.

Himo: Ujenzi wa data kwenye diski mpya umefika asilimia 40. Nizime?
Jibu: Ukisimamisha vizuri, md yenye metadata (maelezo yake kwenye diski) ya toleo la 1.x itaendelea ilipoishia. Ila hapo bado huna kinga diski nyingine ikifa, kaka; kama UPS au jenereta inatosha, acha imalize.

Kijenge: Na kuwasha?
Jibu: Kinyume chake. Sanduku kwanza, subiri diski zizunguke, ndipo seva. Md na LVM kwa kawaida huamka zenyewe. Zisipoamka, `mdadm --assemble --scan` na `vgchange -ay vg_data`. Thibitisha kwa `findmnt /data` kabla ya kuwasha NFS na database. Usipofanya hivyo, watu wanaweza kuandika kwenye folda tupu iliyo kwenye diski ya mfumo, na ukija kupachika /data baadaye kazi yao ya asubuhi haionekani. Ikishatokea, ichomoe tena /data kwa `umount`, mafaili yako chini yake.