Kutuliza darasa la pili lenye watoto 80

Kelele nyingi huanza pale watoto wanaposubiri: madaftari yanagawiwa, ubao unafutwa, aliyemaliza zoezi hana la kufanya. Shughulikia kusubiri kwanza, mtoto baadaye. Panga madaftari kwa safu ili kiongozi wa kila safu agawe ya kwake, na andika zoezi la ziada ubaoni kabla kipindi hakijaanza.

Dawati likikaliwa na watatu, yule anayeinuka-inuka akae pembeni, upande wa njia. Akikaa katikati, kila anapoinuka anawasumbua wawili. Usimpeleke nyuma kabisa, wala usimsimamishe mbele akiwatazama wenzake. Hapo umempa jukwaa.

Chagua ishara moja ya kunyamaza, mathalani makofi ya mdundo ambayo watoto wanayajibu. Ifundishe kama somo, mara kadhaa kwa siku katika wiki ya kwanza, wakati darasa limetulia. Huharibika mwalimu anapoanza kuongea kimya kikiwa nusu: watoto huelewa kwamba si lazima kunyamaza.

Ile orodha ya wapiga kelele anayoandika kiranja, achana nayo. Hugeuka biashara, mwenye ubuyu hufutwa jina.

Kwa mtoto anayerudia kosa lilelile, andika kwa siku 5: saa ngapi, nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Vurugu zikija kila siku kabla ya uji, shuku njaa. Zikija wakati wa kunakili ubaoni, huenda haoni vizuri; msogeze mbele uone kama zinapungua. Na kama kila hesabu inaishia yeye kutolewa nje, basi kutolewa ndiko anakokutafuta. Mpe hesabu 3 badala ya 10, abaki ndani.

Unapomkanya, msogelee, inama, sema kwa sauti ya chini jambo la kufanya: "Andika namba ya kwanza." Kisha ondoka. Ukibaki umemkodolea macho, wenzake watageuka, naye atakaidi ili asiaibike. "Kwa nini unafanya hivi?" ni swali lisilo na jibu kwa mtoto wa miaka 8.

Kupuuza hufaa kwa anayetafuta kutazamwa tu, kamwe si kwa ugomvi. Siku za mwanzo atazidisha. Ukisalimu amri hapo, umemfundisha kiwango kipya cha kelele. Akitulia, msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya.

Kuhusu fimbo: Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko. Tanzania, kanuni zinamruhusu mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi 4. Kwa hiyo mwalimu anayezunguka darasani na fimbo yake tayari yuko nje ya kanuni.

Ukimwita mzazi, mwoneshe ulichoandika, na uanze na jambo ambalo mtoto analifanya vizuri. Ukianza na mashtaka, viboko vitachapwa nyumbani. Kisha uliza mtoto hulala saa ngapi, na asubuhi hutoka amekula nini.