GPA imepanda imeshuka na unataka sheria Marekani? Soma hii

Kwa wale wa Mbeya na Iringa wenye transkripti yenye milima na mabonde kama Kitonga, msikate tamaa mapema. JD, yaani digrii ya sheria ya Marekani, unaisoma baada ya digrii ya kwanza, sasa LSAC wanaokusanya maombi, digrii ya bongo hawaigeuzi kuwa GPA ya kwao, wanaweka tathmini ya jumla tu, mfano wastani au juu ya wastani, na transkripti yako inaenda ilivyo, kila D inaonekana.

Kwa hiyo mzigo mkubwa unaangukia LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria, maksi 120 hadi 180. Ingia kwenye ripoti ya 509 ya kila chuo (takwimu za waliodahiliwa), ni bure, angalia mstari wa LSAT: kuna maksi za persentaili ya 75 (robo tatu ya waliodahiliwa wako hapo au chini) na ya 25; ukiwa juu ya ile ya 75 una nguvu, chini ya ile ya 25 ujue hapo unabahatisha (na ada ya maombi si ndogo jamani).

Halafu kama mwaka wa pili uliharibika sababu mkopo ulichelewa au uliuguza mzazi, andika adenda, maelezo mafupi ya ziada kwenye maombi, aya moja au mbili, semista ipi, nini kilitokea, maksi zilipanda lini. Kulialia hapana.