Uniti Zinaenda Wapi? Kwa Aliyepanga Flati Uingereza

Mtu aliyekulia nyumba yenye luku haambiwi uniti ni nini. Zikibaki tatu, nyumba nzima inajua: pasi inasubiri kesho, friji haifunguliwi ovyo, na anatafutwa mwenye salio kwenye simu. Tukishafika huku majuu, akili ile tunaiacha uwanja wa ndege. Bili inakatwa benki yenyewe kila mwezi, tena mara nyingi kwa makadirio, na unaweza kukaa miezi minne hujui unatumia nini mpaka barua ya deni ipite mlangoni.

Ya kwangu ilipita Februari, baridi yangu ya kwanza Leicester. Flati ilikuwa haina gesi. Ukutani kulikuwa na masanduku makubwa mazito, yale ya kuhifadhi joto: ndani mna matofali yanayopashwa usiku kwa umeme wa bei nafuu, kwa muda wa saa saba hivi, halafu mchana yanatoa joto polepole. Yana vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kuingiza joto na kimoja cha kutoa. Hakuna aliyenieleza. Mimi kila nikienda kulala nilifungua cha kutoa mpaka mwisho, nikiona ndiyo njia ya kulala vizuri. Joto lote likatoka usiku nikiwa ndani ya blanketi, nikirudi kazini jioni matofali ya baridi kama kaburi, nawasha hita ya feni. Na kwenye mita ya namna ile, umeme wa mchana ni ghali kuliko wa kawaida.

Ukikuta masanduku hayo, basi: cha kutoa kifunge kabla ya kulala na ukiache kimefungwa ukiwa kazini, ukifungue jioni. Cha kuingiza kipandishe au ukishushe kwa kuangalia hali ya hewa ya kesho. Hiki tu kilinipunguzia bili kuliko kifaa chochote nilichonunua baadaye.

Sasa hesabu, maana bila hesabu utaishia kununua vitu. Ofgem, wasimamizi wa soko la umeme na gesi, hutangaza bei kikomo mpya kila miezi mitatu, lakini kwa miaka hii weka kichwani peni 26 kwa uniti ya umeme na peni 6 kwa ya gesi. Hita ndogo ya plagi ya wati 2,000 inakula uniti mbili kila saa. Iwashe kwa muda wa saa tano kila jioni, ni uniti 10, yaani pauni 2.60. Mwezi mzima ni pauni 78, kwa hita moja, chumba kimoja. Blanketi la umeme la wati 100 kwa muda uleule ni peni 13. Kuijaza simu chaji ni chini ya peni moja, kwa hiyo mwenzio anayekugombeza kwa chaja iliyobaki kwenye soketi huku hita inanguruma sebuleni, mpe hesabu hii aisome taratibu.

Fedha ziko kwenye joto. Na joto la flati ya kupanga linatoroka kwa njia usizoziona, isipokuwa kama una udi. Subiri siku ya upepo, funga madirisha, washa kijiti kimoja, kipitishe polepole pembezoni mwa fremu, chini ya mlango, kwenye tundu la barua, na kule mabomba ya sinki yanakoingia ukutani. Moshi ukipanda wima, songa mbele. Ukipinda ghafla kuingia ndani, hapo panavuja. Kwangu palikuwa saba, na pabaya zaidi ni nyuma ya kabati la jikoni, mahali ambapo fundi alitoboa ukuta kupitisha bomba akaacha uwazi wa vidole viwili.

Kuziba ni kazi ya pauni 15 hadi 20. Utepe wa sponji unabandikwa kwenye fremu na unabanduka siku ya kuhama. Chini ya mlango nimeweka khanga kuukuu niliyoishona kama mto mrefu na kuijaza nguo zilizochakaa. Dirisha la kioo kimoja linahitaji plastiki ya kuvuta: unabandika gundi ya pande mbili kuzunguka fremu, unatandaza plastiki ikiwa imekunjamana hovyo, halafu unaipitisha mashine ya kukaushia nywele. Inajikaza mbele ya macho yako hadi ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Ukiisogelea jioni unaona tofauti kwenye shavu.

Ila usizibe kila tundu. Juu ya madirisha mengi kuna kijinafasi cha hewa cha makusudi, na kwenye chumba chenye kifaa cha gesi kunaweza kuwa na tundu ukutani. Hayo yaache. Nyumba iliyozibwa kama chupa, halafu ndani mnapika ugali na maharage, mnaoga maji ya moto, na nguo mbichi ziko kwenye redieta, itaota ukungu mweusi kwenye pembe ndani ya wiki chache, na mwenye nyumba atasema ni wewe. Maharage yaloweke usiku, pika kwenye presha, sufuria ifunikwe: mvuke unapungua na gesi pia. Nguo nilizianika chumba kimoja, mlango umefungwa, na mashine ndogo ya kukausha hewa ya wati 200. Kwa muda wa saa nane ni peni 42. Mashine ya kukaushia nguo ya aina ya zamani hula uniti nne au zaidi kwa mzigo mmoja. Na jiko la mkaa, hata kwa nyama choma ya Krismasi, lisiingie ndani wala lisiletwe ndani kupoa. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Walio na boila ya gesi isiyo na tangi, angalieni uso wake. Kuna alama ya bomba na alama ya redieta. Ile ya redieta mara nyingi mafundi huiacha kwenye 75 au 80. Ishushe hadi 60, ukiweza 55. Boila za kisasa hurudisha joto lililomo kwenye mvuke wa moshi, lakini huweza hivyo vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Chumba kitachelewa kidogo kupata moto, basi. Wenye tangi la maji ya moto wasiguse ya tangi: maji yale yanatakiwa yafike 60 kwa ajili ya bakteria.

Baada ya hapo ndipo vije vifaa janja, na si vyote. Cha kwanza ni cha bure: mita janja. Kama bili ina jina lako unaweza kuiomba kwa kampuni yako, na sitapenda usikie kwa wakala kwamba ni mpaka mwenye nyumba atake, ingawa kumtaarifu ni adabu na mkataba unaweza kudai hivyo. Inakuja na kioo kidogo cha mezani. Usiku mmoja nilizima kila kitu nikakiangalia, kikasoma zaidi ya wati 200. Nikaitoa friji, ikashuka kidogo. Nikazunguka nyumba nzima na tochi ya simu. Mwisho nikagusa reli ya kukaushia taulo bafuni: ya moto. Wati 150, saa 24, tangu niingie, na swichi yake iko nje ya mlango nikidhani ni ya feni. Hiyo ni karibu pauni 28 kwa mwezi nilizokuwa nikiipasha taulo moja.

Cha pili ni balbu. Jikoni nilikuta taa sita za darini za wati 50 kila moja. Nikaweka za LED za wati 5. Kwa saa nne kila siku, tofauti inafika kama pauni 100 kwa mwaka. Angalia kitako kabla ya kununua, maana Uingereza bado wanapenda ile ya kusukuma na kuzungusha.

Plagi janja inayopima umeme, moja inatosha: hamisha kutoka friji hadi runinga, ujue nani anakula. Usiiunge na hita ya feni ukaiwasha ukiwa mbali. Nguo ikidondoka juu yake hakuna wa kuiondoa. Vichwa janja vya redieta, vinavyopanga joto la kila redieta peke yake, vinafaa kama unakaa na watu wenye ratiba tofauti, vinafungwa kwa mkono bila kumwaga maji. Kirekebisha joto cha ukutani kina nyaya, hicho omba ruhusa kwa maandishi. Spika za kuongea nazo ni starehe, nunua ukitaka, usiseme ni za kubana matumizi.

Kabla hata ya kusaini mkataba, tafuta cheti cha nishati cha nyumba hiyo mtandaoni, ni bure kwa anwani. England na Wales flati ya kupangisha inatakiwa iwe na daraja E au bora zaidi, yaani A hadi E, isipokuwa iliyosajiliwa kwa msamaha. Ikiwa F na hakuna msamaha, una la kumuuliza wakala. Na ukizidiwa na deni la umeme, Citizens Advice, shirika la ushauri, wanasikiliza bure. Wewe mwenye viza ya masharti waulize kwanza msaada upi haugusi viza yako.

Kila nilichokitoa ukutani nilikipiga picha. Taa sita za zamani zilikaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, zimefungwa kwa gazeti. Siku ya kuhama nilizirudisha darini moja moja, nikaondoka na zangu.