SOMO: Kona kwa kruza na kona kwa spoti (ukiuliza tena nakurudisha hapa)

Salaam wakuu. Kila wiki kuna mtu ananifuata faraghani na swali lilelile: "Nimetoka kwenye spoti nimehamia kruza, mbona kona zinanishinda?" Wengine kinyume chake. Kwa wageni: kruza ni ile pikipiki ndefu ya kukaa chini, spoti ni ile nyepesi ya kuinamia mbele. Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye andiko hili bila salamu.

Nimekaa juu ya zote mbili: spoti ya cc 600 isiyofika kilo 200, na kruza ya silinda mbili inayopita kilo 340 ikiwa na mafuta. Kruza ni ndefu, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama milimita 1,600 hadi 1,700, wakati spoti huwa kwenye 1,400 hivi. Shokapu za mbele za kruza zimelala zaidi. Ndiyo maana spoti ukiigusa tu imegeuka, na kruza inataka ibembelezwe kwanza.

Lakini kitakachokuumiza si urefu wala uzito, ni nafasi ya ubavuni. Kruza nyingi ukizilaza kufika digrii 30 hivi, ubao wa mguu (ule unaokanyagia) unagusa lami. Spoti inapita digrii 45 na chini hakijagusa kitu.

Chukua kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inalala kama digrii 21. Kwa 60, karibu 30. Kwa 70, karibu 38. Uzito haumo kwenye hesabu hiyo, kona haikuulizi una kilo ngapi. Kwa hiyo kwa 60 mwenye kruza amefika mwisho wa nafasi yake, na mwenye spoti ndiyo kwanza anajiweka sawa. Kutoka 50 hadi hapo ni kilomita 10 tu kwenye dashibodi.

Hatua ya 1. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi. Fuata namba ya mtengenezaji wa pikipiki. Ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ya kikomo, siyo ya matumizi yako ya kila siku.

Hatua ya 2. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Kwenye kruza tumia breki zote mbili na usiidharau ya nyuma, maana pikipiki ni ndefu na imekaa chini, tairi la nyuma linabaki na uzito wa kutosha kufanya kazi. Kwenye spoti karibu kazi yote ni ya mbele. Ukiminya kwa nguvu tairi la nyuma linakuwa jepesi, na ukilikanyagia breki wakati huo linateleza. Kwa zote mbili: gusa kwanza, shokapu zishuke, ndipo uminye.

Hatua ya 3. Gia iwe imeshapangwa kabla hujaingia. Kushusha gia katikati ya kona ni kutafuta maneno.

Hatua ya 4. Macho yaende unakotaka kutoka, siyo kwenye shimo unalolikwepa. Ukilitazama utaliingia.

Hatua ya 5. Sukuma usukani. Kona ya kulia, mkono wa kulia unasukuma mbele, kona ya kushoto hivyohivyo kwa mkono wa kushoto. Mnaobishana kuhusu hili kila siku, nendeni mkajaribu kwenye barabara nyoofu kwa kilomita 50 kwa saa, sukumeni kidogo tu. Kruza isukume mapema na uendelee kuishikilia. Spoti inataka msukumo mdogo, ukiubana usukani inaanza kuwayawaya.

Hatua ya 6. RESI. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Ilikuwa mteremko, kona iliyoanza kama ya kawaida kisha ikazidi kubana kwa mbele. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye kruza, kichwani bado niko kwenye spoti. Katikati ya kona ubao wa mguu wa ndani ukaanza kukwaruza, sauti kama sufuria inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na mtetemo ukanipanda kisiginoni. Nikashtuka, nikaachia resi yote kwa mara moja. Pikipiki ikazama kwenye shokapu zake, ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki ikaisha. Ubao ulikuwa umeshajikunja, sasa kikagusa chuma cha fremu ambacho hakijikunji. Tairi la nyuma likanyanyuka kidogo na kuhamia nje kama upana wa kiganja. Nikaiinua wima kwa woga, ikaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa nje wa lami na kuingia kwenye changarawe. Sikuanguka, na hakukuwa na ujuzi wowote wangu katika hilo. Nilisimama pembeni nikashindwa hata kuvua glavu. Chini ya fremu kulikuwa na mstari mpya unaong'aa, mrefu kama kalamu.

Kwa hiyo:

Ukisikia mkwaruzo, USIACHIE resi ghafla na usiiinue pikipiki wima. Ishikilie resi palepale ilipo, peleka kifua ndani ya kona, macho mbele.

Mkwaruzo wa kwanza ni taarifa. Ubao na vikanyagio vimetengenezwa vijikunje. Ekzosi, stendi na fremu havijikunji, vinainua tairi.

Na wewe wa spoti usicheke. Kwako hakuna ubao wa kukupigia kelele mapema. Kwenye mchanga au lami yenye maji kinachoachia kwanza ni tairi lenyewe, na huwa halibishi hodi.

Hatua ya 7. Mwili. Kwenye kruza kifua na kichwa vikiingia ndani ya kona, pikipiki inalala kidogo kuliko ukikaa wima, na digrii mbili au tatu unazopata pale ndizo zinazohitajika. Huhitaji kuning'inia kama uko kwenye mashindano. Kwenye spoti bana tangi kwa magoti, mikono ibaki milegevu.

Hatua ya 8. Ukiona mwisho wa kona, fungua resi pole pole. Kruza ina nguvu nyingi kwenye mizunguko ya chini, isikudanganye.

Maswali yaje.

---

Tairi_Bovu: Mkuu kwa kifupi tu, ipi bora kwenye kona, kruza au spoti?

Mwandishi: Kwa kifupi, soma.

Njiwa wa Mlimani: Asante kwa somo kaka. Swali: kama uzito haumo kwenye hesabu ya kulala, kwa nini kruza naihisi nzito sana kwenye kona mbili zinazofuatana, kulia halafu kushoto?

Mwandishi: Dada, swali hili nilikuwa nalisubiri. Hesabu ile ni ya pikipiki iliyokwishalala na kutulia. Kona mbili mfululizo zinakutaka uitoe upande mmoja uipeleke wa pili, na hapo uzito unarudi na deni lake lote. Kilo 340 hazitaki kuanza kuhama, zikianza hazitaki kusimama. Dawa ni kuanza kusukuma usukani mapema, kabla kona ya kwanza haijaisha, na kuikubali ile ya kwanza iwe ya polepole zaidi ili ya pili ikukute umejipanga. Kitu kingine: tairi pana la nyuma linataka pikipiki ilale kidogo zaidi kwa mwendo uleule, kwa sababu linakanyaga mbali na mstari wa katikati. Waliobadilisha matairi wakaweka mapana kwa ajili ya sura wameshakutana nalo.

Njiwa wa Mlimani: Kumbe. Yangu imewekwa pana na mwenye nayo wa kwanza. Nimeelewa sasa.

Mzee wa Klachi: Miaka kumi naendesha kruza kwa breki ya nyuma tu, sijawahi kuanguka. Breki ya mbele inarusha watu.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Nafurahi uko salama, lakini breki ya nyuma peke yake inakusimamisha mbali sana kuliko zote mbili. Inayorusha watu ni ile inayonyakuliwa ghafla. Iminye taratibu kwenye uwanja mtupu uone unasimama wapi, kisha njoo unibishie.

Mzee wa Klachi: Marahaba. Nitajaribu, lakini sikuahidi.

Speed_Kijana: mi natumia kruza na washkaji wote wana spoti, nifanyeje nisiachwe kwenye kona

Mwandishi: Achwa.

Speed_Kijana: sasa hilo jibu gani mkuu

Mwandishi: Rudi kwenye kona ya mita 50. Wao kwa 70 bado wana nafasi, wewe kwa 70 uko kwenye fremu. Unataka nikwambie nini? Waambie wakusubiri kwenye nyoofu, wakikataa tafuta washkaji wengine.

Mama wa Helmeti: Kuna mtu ameshawahi kubeba abiria na mizigo kwenye kruza milimani? Mimi kikwaruzo kinaanza mapema mno.

Mwandishi: Kaza springi za shokapu za nyuma kabla ya safari, dada. Watu wawili na mabegi wanaishusha pikipiki hata kabla hujawasha, nafasi ya ubavuni unaianza ikiwa pungufu. Mwambie na abiria akutazame bega la upande wa kona. Akijivuta kinyume chako anaharibu yote.

Mama wa Helmeti: Hilo la bega zuri, nitamwambia mume wangu, huwa anakaa kama gunia.

Gia_Sita: Nje ya mada kidogo. Buti zangu zinaisha kisigino cha kushoto tu kwa upande wa nje, cha kulia kizima. Nipeleke kwa fundi au ninunue mpya?

Mwandishi: Unaendesha kruza?

Gia_Sita: Ndiyo, ya ubao.

Mwandishi: Basi buti zimekusema. Kona za kulia unaziogopa, huzilazi. Tazama na tairi la nyuma.

Gia_Sita: Nimetoka kuangalia. Upande wa kulia kuna ukanda wa vidole viwili bado una vinyweleo vya mpira kama limetoka dukani.