Kuseti fonti ya Word isijirudie kila siku

Jamani nyie mnaotaipu barua hapa Dodoma, kila ukifungua Word unakuta Aptos, au Calibri kama ni ya zamani, na bosi anataka Times New Roman 12, mnachosha vidole bure. Fungua dokumenti mpya, bonyeza Ctrl na D pamoja, chagua fonti na saizi, ila usikimbilie OK, cheki chini kushoto kuna Set As Default, bonyeza hiyo, itakuuliza ni dokumenti hii tu au zote za Normal (kiolezo ambacho Word hutumia kufungua dokumenti mpya), chagua zote ndo uweke OK. Mi nilichagua hii tu, kesho yake nikaanza upya, nilijicheka. Faili za zamani hazibadiliki zenyewe lakini. Mnaotumia LibreOffice, programu nyingine ya kutaipu kama Word, nendeni Tools, Options, Writer, Basic Fonts.